Ajali Haina Kinga, Lakini Ina Mwenyewe

Wahenga walisema kwamba ajali haina kinga. Methali hii hutumiwa mno katika nchi yetu, na huenda hakuna mahali inapotamkwa zaidi kuliko kando ya barabara, pale ambapo gari limelala ubavu, vioo vimetapakaa, na watu wanatafuta neno la kuwafariji waliosalia. Husemwa hospitalini, hurudiwa matangani, na hatimaye huwa ndiyo hukumu ya mwisho ya kesi ambayo haikupata kufikishwa mahakamani. Makala haya hayana nia ya kuwakosoa wahenga. Nia yake ni kuwauliza walimu na wanafunzi, ambao ndio walinzi wa lugha hii, iwapo tunaitumia hekima hiyo mahali pake au tumeigeuza kuwa pazia la kuwafichia wenye makosa.

Neno "ajali" tumelipokea kutoka Kiarabu, na huko asili yake ni muda uliowekwa, hasa muda wa mtu kufikwa na mauti. Mja ajali yake ikifika hana pa kukimbilia. Kiswahili kikaipanua maana hiyo hata ikajumuisha kila tukio la ghafla liletalo madhara: moto, kuzama kwa chombo, kuanguka mnazini na, katika zama zetu, kugongana kwa magari. Lakini maana mpya haikuivua ile ya kale. Ndiyo sababu mtu asikiapo kwamba jirani amepata ajali, fikira zake huenda moja kwa moja kwenye kudura, wala si kwenye mwendo wa gari, uchovu wa dereva au upara wa tairi.

Sarufi yetu nayo huchangia. Mwanafunzi wa Kiswahili hufundishwa mapema kwamba kauli ya kutendwa humweka mtenda nyuma ya neno "na": mguu umevunjwa na fulani. Kauli ya kutendeka haina nafasi hiyo: mguu umevunjika, basi. Sasa tutege sikio tusikie jinsi tunavyosimulia maafa ya barabarani. Gari lilipinduka. Tairi lilipasuka. Breki zilikataa. Lori lilipoteza mwelekeo. Watu wakaumia. Katika sentensi zote hizo hamna binadamu aliyefanya jambo lolote. Gari limekuwa na hiari, breki zimekuwa na ukaidi, na dereva ametoweka katika sentensi kama wengine wanavyotoweka vichakani polisi wanapofika. Si kosa la Kiswahili, maana kauli ya kutendwa imo na inangoja kutumiwa. Ni sisi tuliochagua kauli isiyomuudhi mtu.

Sheria haizungumzi kwa kauli ya kutendeka. Mahakama ya madai haiulizi iwapo siku ya mtu ilikuwa imefika. Huuliza nani alikuwa na wajibu wa kuchukua hadhari, ni kwa namna gani aliukiuka wajibu huo, na madhara gani yakafuata. Uzembe ndilo neno lake kuu, na uzembe hauwezi kuwa yatima. Lazima uwe na mwenyewe. Hata pale ambapo aliyeumia ana sehemu yake ya lawama, kwa mfano alivuka barabara bila kutazama, sheria ya Kenya haimfukuzi mikono mitupu. Hakimu hugawa lawama kwa asilimia, na fidia hupunguzwa kwa kadiri hiyo.

Tuchukue mfano wa kubuni, usiomhusu mtu yeyote. Mkulima wa Wusi, katika vilima vya Taita, anapanda matatu alfajiri na vikapu vyake vya mboga, ateremke hadi Mwatate, kisha aelekee Voi. Njiani, kwenye kona, matatu inalipita gari jingine mahali pasipofaa na kutumbukia mtaroni. Mkulima anavunjika paja. Analazwa Voi, au anapelekwa Mombasa, safari ya kilomita zipatazo 160. Jamaa wanaitisha harambee. Mbuzi wanauzwa, mtoto anarudishwa nyumbani kwa karo, na shamba linaota magugu. Siku ya nne anakuja mwenye gari, au mtu aliyetumwa naye, ameshika sukari, unga na noti chache. Anatoa pole, anakaa kitandani kwa unyenyekevu, na kila mtu anamsifu kwa utu wake. Baadaye linaletwa karatasi la Kiingereza, mkulima anatia kidole gumba, na mambo yanakuwa yameishia hapo.

Huo ni mfano tu, lakini kila msomaji wa sehemu hizo anaweza kuujazia majina. Kosa la msingi limo katika maneno mawili tunayoyachanganya: msaada na fidia. Msaada hutoka katika moyo wa mtoaji. Akitaka hutoa, asipotaka hazuiwi. Fidia ni deni. Neno lenyewe, ambalo pia lina asili ya Kiarabu, linabeba maana ya malipo ya kukomboa, yaani kulipia kilichopotea. Mwenye kudai fidia haombi, kama vile mwalimu haombi mshahara wake wa mwisho wa mwezi. Unga na sukari ni jambo la kiungwana na hauna ubaya kupokelewa. Ubaya ni kupokea unga kisha kutia sahihi kwamba umepokea thamani ya mguu.

Maana lile karatasi, ambalo mkulima wetu alilidhani kuwa risiti ya wema, kwa kawaida husema kwamba aliyetia sahihi amelipwa yote anayostahili na ameachilia madai mengine yote, ya sasa na ya baadaye. Likishatiwa sahihi, kulitangua ni kazi kubwa. Hapa ndipo tunapoona kwamba lugha si pambo. Mtu mmoja amepoteza haki ya maisha yake kwa sababu sentensi moja iliandikwa kwa lugha asiyoisoma, na hapakuwa na mtu wa kumwambia, "Ngoja, nikusomee kwanza."

Basi na tuyataje mambo ambayo kila mwalimu anapaswa kuyajua, kwa sababu ndiye atakayeulizwa. La kwanza ni muda. Sheria ya Kenya inayoweka ukomo wa muda wa kushtaki inatoa miaka 3 kwa madai ya majeraha yatokanayo na uzembe, kuanzia siku ya tukio. Ikiwa mshtakiwa ni Serikali, kwa mfano gari lililosababisha madhara ni la wizara, muda ni miezi 12 pekee. Mtoto aliyeumia hahesabiwi muda mpaka atimize umri wa miaka 18, lakini si lazima angoje. Mzazi au mlezi anaweza kushtaki kwa niaba yake mara moja, na ni heri afanye hivyo, kwa kuwa mashahidi huhama na kumbukumbu hufifia. Aliyefariki naye hana haki iliyozikwa pamoja naye: wategemezi wake na mirathi yake wanaweza kudai. Mahali ambapo majeruhi huanza kufikiria mahakama baada ya magongo kutupwa na harambee kusahauliwa, miaka 3 si mingi.

La pili ni ushahidi. Sheria ya Trafiki inamtaka dereva aliyehusika katika tukio la kuumiza mtu asimame, ajitambulishe, na iwapo hakufanya hivyo aripoti polisi upesi, kabla saa 24 hazijapita. Majeruhi au jamaa zake waende kituoni wahakikishe kwamba tukio limeandikwa kitabuni, kisha wapate ile hati ya polisi tuiitayo abstrakti, yenye namba ya gari, jina la mwenyewe na kampuni ya bima. Daktari ajaze fomu ya P3. Anayetaka kujua gari limesajiliwa kwa jina la nani aulize katika Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, kwa sababu sheria humchukulia aliyesajiliwa kuwa ndiye mmiliki hadi ithibitishwe vinginevyo. Na kila risiti itunzwe: ya dawa, ya magongo, ya nauli ya kwenda kliniki. Mahakama ya Rufani ilisisitiza mwaka 1985, katika kesi ya Hahn dhidi ya Singh, kwamba gharama za namna hii sharti zitajwe waziwazi katika madai na zithibitishwe kikamilifu. Maumivu hakimu anaweza kuyakadiria kwa kulinganisha na kesi zilizotangulia, lakini dawa ambayo haina risiti ni kama dawa ambayo haikununuliwa.

La tatu ni bima. Kila gari linalotumia barabara za umma sharti liwe na bima ya kumlinda mtu wa tatu. Wengi hudhani kwamba unaishtaki kampuni ya bima. Sivyo, unamshtaki mwenye gari na dereva, kisha, ukishinda, kampuni inalazimika kulipa hukumu hiyo, mradi iwe imearifiwa kuhusu kesi katika siku zake za mwanzo. Anayepuuza barua hiyo moja huweza kushinda kesi na kukosa mlipaji. Tena sheria imeweka kikomo: kampuni hailazimiki kulipa zaidi ya shilingi milioni 3 kwa dai la mtu mmoja. Kinachozidi hapo hudaiwa mwenye gari mwenyewe, naye aghalabu hana cha kukamatwa ila lile gari lililobondeka.

Hata hivyo, ushindi mahakamani si fedha mkononi. Kampuni ya United, iliyokuwa na wateja wengi wa matatu, iliwekwa chini ya msimamizi wa kisheria mwaka 2005. Blue Shield nayo ikafuata mwaka 2011. Waliokuwa na hukumu mikononi waliambiwa wangoje, na baadhi yao walingoja miaka na mikaka. Ipo hazina ya kuwafidia wenye madai kampuni inapoanguka, lakini hulipa kwa kikomo, wala haimrejeshei mtu hukumu nzima. Maadam serikali ndiyo inayomlazimisha kila mwenye gari kununua bima, haifai serikali hiyo hiyo ikunje mikono bima inapogeuka kuwa karatasi tupu.

La nne ni mawakili. Wako mawakili waadilifu wengi ambao wamewasimamia wanyonge kwa uaminifu. Lakini wako pia mawakala wanaozunguka wodini wakinong'oneza majeruhi kabla dawa ya usingizi haijawaisha. Sheria ya Mawakili inakataza kuwinda wateja kwa njia hiyo, wala haiutambui mkataba unaosema kwamba wakili atalipwa endapo tu atashinda. Mteja ana haki ya kujua hukumu ilikuwa kiasi gani, kampuni imelipa lini, na kimekatwa nini. Akinyimwa majibu, ipo Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili. Kadhalika, Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi mwaka 2021, imepewa uwezo wa kusikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Sheria hiyo imeitaja fidia ya majeraha ya mwili miongoni mwa madai hayo, na imeagiza kesi iamuliwe katika siku 60. Mdai anaweza kujisimamia mwenyewe.

Yamkini patakuwa na wasomaji watakaosema kwamba shauku hii ya kudai ndiyo iliyoziangusha kampuni za bima. Hoja hiyo ina chembe ya kweli. Kumekuwa na watu waliojitia kuwa abiria wa gari ambalo hawakulipanda, na wengine waliokuza mchubuko ukawa mvunjiko. Wizi huo hauna jina jingine, na anayeuteseka kwanza ni majeruhi wa kweli, kwa kuwa kila dai lake hutiliwa shaka. Lakini dawa ya uongo ni uchunguzi. Kuwanyamazisha wenye haki si dawa. Yako mataifa yaliyojaribu njia nyingine kabisa. New Zealand, tangu mwaka 1974, humlipa aliyeumia kutoka katika mfuko wa umma bila ya kuuliza kosa ni la nani, naye huacha haki ya kumshtaki aliyemuumiza. Sisi hatujafika huko. Maadam sheria yetu ingali inauliza kosa ni la nani, sharti tuwe na ujasiri wa kulijibu swali hilo.

Wako wengine watakaoona kwamba kumtafuta mwenye kosa ni kushindana na mapenzi ya Mungu. Nawaheshimu, lakini naomba wavifunue tena vitabu vyenyewe. Katika Kutoka, sura ya 21, mwenye fahali aliyejulikana kuwa ni mkali, naye akaonywa asimfunge, hubebeshwa dhamana ya madhara fahali huyo anayoyatenda. Ni vigumu kuisoma sheria hiyo bila kufikiria tairi lenye upara. Katika Uislamu, anayemuua mtu kwa kukosea, bila kukusudia, hutakiwa kutoa dia kwa jamaa wa marehemu. Na neno hilo, dia, lingali katika kamusi zetu. Dini zote mbili zinakiri kudura, na zote mbili zinamdai binadamu. Kumbe imani na uwajibikaji havikuwahi kugombana. Sisi ndio tuliovigombanisha kwa uvivu.

Narudi kwenye lugha, ambayo ndiyo taaluma yangu. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kabla ya hapo, Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai ilikuwa tayari imeruhusu Kiswahili kitumike katika mahakama za chini. Ilhali majeruhi wa Wusi anakabidhiwa abstrakti ya Kiingereza, P3 ya Kiingereza, hati ya bima ya Kiingereza na karatasi la kuachilia madai la Kiingereza. Lugha rasmi ambayo haionekani kwenye fomu ni rasmi kwa jina. Pendekezo langu ni dogo na halihitaji tume: karatasi lolote linalomwachisha mtu haki ya fidia lisiwe na nguvu mpaka liandikwe kwa Kiswahili pia, na aliyeumia asomewe mbele ya shahidi aliyemchagua mwenyewe. Idara za Kiswahili katika vyuo vyetu vikuu, zinazohitimisha wafasiri kila mwaka, zina uwezo wa kuifanya kazi hiyo ya tafsiri. Kinachokosekana ni mtu wa kuziomba.

Na walimu wasingoje mpaka fomu zibadilike. Katika vijiji vingi mwalimu ndiye msomaji wa barua za watu wote. Mzee akija na karatasi la bima, asimwambie kwamba hayo ni mambo ya mahakama. Amsomee neno kwa neno, amweleze kuwa halazimiki kutia sahihi leo, na amwelekeze kwa wakili au kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Darasani nako, mwalimu anapofundisha mnyambuliko wa vitenzi, achukue habari ya gazeti kuhusu gari lililopinduka, awape wanafunzi waiandike upya kwa kauli ya kutendwa. Aulize: limepinduliwa na nani? Breki zilipuuzwa na nani? Mwendo uliongezwa na nani? Wanafunzi watajifunza sarufi, na pamoja nayo watajifunza uraia.

Wahenga waliposema ajali haina kinga, walimaanisha kwamba binadamu hawezi kuyazuia yote yajayo. Hawakusema kwamba anayelaza trela lisilo na taa barabarani usiku hana la kujibu, wala kwamba mjane asidai. Tuiache methali ifanye kazi yake ya kufariji, na tuiache sheria ifanye yake ya kuuliza. Atakayevunjwa mguu kesho kwenye njia ya Voi apewe pole, aombewe dua, achangiwe na jirani zake. Lakini kabla ya jua kutua, apatikane pia mtu wa kuandika namba ya gari.